Homa Iliyochukua Masikio na Miguu

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mkaaji wa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya daraja la Kilifi. Mume wangu ni mvuvi, na babake alikuwa mvuvi. Katika nyumba ile mtoto wa kiume hushika kasia kabla ya kushika kalamu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa 1997, wakati wa mvua za El Niño, barabara zikiwa zimekatika na kila uwanja umekuwa ziwa. Natoa ushuhuda huu kwa sababu yaliyompata yangeweza kutambuliwa mapema, kwa vipimo ambavyo vingine havihitaji hata stima, na hadi leo nawaona wazazi wenzangu wakihangaika na jambo lile lile bila wa kuwaeleza.

Masika ya 1999 alishikwa na homa. Tulidhani ni malaria, kwani wakati huo kila homa ilikuwa malaria. Usiku wa pili shingo ilikakamaa, akawa akiguswa analia, kisha degedege likamwangusha. Tukavuka daraja hadi Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, ambayo sasa ni ya kaunti. Pale wodi ya watoto ilikuwa na madaktari wa hospitali na watafiti wa Kemri, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambao wako Kilifi tangu 1989. Daktari alitaka kumtoa maji ya mgongo. Mama mkwe alikataa katakata, akashika mlango. Sista mmoja wa makamo alimketisha kando na kumwambia polepole: "Mama, bila maji haya tunatibu kwa kubahatisha." Akaachia mlango. Maji yalitoka na ukungu, na maabara ikasema ni homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na bakteria anayeitwa Hib. Akaanzishiwa sindano za penisilini na kloramfenikoli.

Alipona. Nataka hilo lisimame peke yake, kwa sababu kitanda cha upande wa kulia na cha upande wa kushoto havikuwa na bahati hiyo. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya watoto waliolazwa kwa uti wa mgongo wa bakteria, karibu watatu katika kila kumi walifariki, na karibu robo ya waliopona walitoka na athari za ubongo na neva. Kwa hiyo sisi tulirudi nyumbani na mtoto hai, tukachinja kuku, majirani wakaja kushukuru.

Lakini mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku uani hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa. Mashangazi walisema homa imemlegeza, apewe uji wa wimbi. Mimi nilikuwa namwogesha kila jioni, nikajua hajalegea. Akiwa amelala chali kwenye karai alinirushia mateke ya nguvu. Nikimsimamisha ndipo anayumba, anafumba ngumi kwenye kanga yangu na kutoa macho. Alirudi kutambaa. Baada ya miezi akasimama kwa kushika ukuta, kisha akatembea, miguu ameitanua. Watu wakasema basi, amepona kabisa. Laiti angekuwapo mtu wa kuniambia kwamba mateke yale na kuyumba kule vilikuwa jibu tosha: nguvu ya miguu ipo, kilichokufa ni kitu kingine.

Wakati huo huo aliacha kugeuka akiitwa. Maneno machache aliyokuwa nayo, mama, maji, baba, yalififia moja moja mpaka kukawa kimya. Niliuliza katika zahanati moja, nikaambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema. Tukapelekwa bara, upande wa Ganze, kwa mzee aliyesema mtoto amekalishwa ulimi. Na pale kijijini maneno yakawa mengine: maji ya mgongo ndiyo yaliyomuua masikio. Maneno haya yaliumiza nyumba yetu kuliko ugonjwa. Mama mkwe aliyaamini, na kila alipomtazama mjukuu alijuta kuachia mlango ule.

Ukweli niliujua baadaye, na nimeurudia katika mikutano ya wazazi mpaka wananijua kwao. Maji ya mgongo hutolewa chini kiunoni, mbali na sikio, na mwili huyajaza tena. Kinachoua masikio ni uvimbe wa ugonjwa wenyewe. Maji yanayoogesha ubongo yana kijia chembamba kinachoyaunganisha na sikio la ndani, na sumu ya bakteria hupita humo, mara nyingi siku za kwanza kabisa za homa, hata kabla mzazi hajafika hospitalini. Zipo dawa zinazoweza kudhuru sikio, jentamaisini na streptomaisini ni miongoni mwake, na mzazi ana haki ya kuuliza. Ila zile alizopewa mwanangu hazikuwa hizo. Sindano zilimwokoa. Mama mkwe alifariki akiwa ameshaelewa hivyo, na nashukuru.

Mwaka 2002, mwalimu mwenzangu alinielekeza kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, kimoja cha vile vilivyoanzishwa nchini kuanzia 1984 kwa msaada wa Denmark. Mpimaji alikuwa mwalimu, si daktari. Kwanza aliangalia ndani ya sikio kwa tochi yake ndogo: hakuna usaha, hakuna nta, ngoma ya sikio nzima na inang'aa. Akasema kwamba kama kuna shida basi haiko njiani, iko ndani. Kisha akamvalisha hedifoni kubwa, akaweka mkebe wa Kimbo mbele yake na rundo la vipande vya mbao. Mchezo ulikuwa huu: ukisikia mlio, tia kipande mkebeni. Kwa mtoto asiyesikia maelekezo, mwalimu alimfundisha kwa kumshika mkono na kumwekea mtetemo mkononi, mpaka akaelewa kwamba kila kinapotokea kitu, kipande kinaingia.

Nilikaa kwenye benchi nyuma. Mwalimu alizungusha kidude, akaandika. Akazungusha, akaandika. Mkono wa mwanangu ulikaa hewani na kipande chake, macho yakimtazama mwalimu usoni kutafuta ishara, na mwalimu ameinamisha uso makusudi. Mlio ulipofika desibeli 90, ukubwa ambao mimi niliusikia ukivuja kwenye hedifoni nikiwa mbali, mkono haukushuka. Mara akatia kipande. Nikaruka. Mwalimu akatikisa kichwa: ule ulikuwa mlio mzito kabisa, wa chini, na kwa ukubwa ule hausikiki, unatetemesha mfupa. Mtoto aliuhisi, hakuusikia.

Alinionyesha karatasi ya vipimo, alama zote zimeanguka chini karibu na ukingo. Nililia. Lakini nilipotoka pale nilikuwa na kitu ambacho sikuwa nacho tangu 1999, yaani jina la jambo na ukubwa wake. Mwanangu hakukalishwa ulimi. Ulimi wake ulikuwa mzima, koo zima, akili nzima, na alikuwa akisubiri lugha itakayomfikia kwa macho.

Lugha hiyo aliipata katika Shule ya Viziwi ya Kibarani, hapa hapa Kilifi. Siku ya kwanza ya kumtembelea nilimkuta chini ya mti na wenzake, mikono yote inaruka, wanabishana. Mwanangu anabishana! Sikuelewa neno hata moja, nikaamua pale pale kwamba haiwezekani mtoto awe na maneno ambayo mamake hana. Nikaanza kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya kwa walimu wake, siku za wazazi na likizo, na hasa kwake mwenyewe, kwani ni mwalimu mkali asiyesamehe kidole kilichokaa vibaya. Babake alijifunza zaidi ishara za kazi: vuta, achia, pepo, kamba, ngoja. Mwaka 2010 Katiba mpya ilipoagiza Serikali ikuze maendeleo na matumizi ya lugha hiyo, katika Kifungu cha 7, nilimsomea kwa ishara mstari kwa mstari.

Hapo ningemaliza kama ushuhuda ungekuwa wa masikio tu.

Usiku mwanangu alikuwa mtu mwingine. Mchana alikimbia, alicheza mpira, alipanda ngazi. Taa ikizimika ghafla, alikaa chini pale pale alipo. Kwenda chooni usiku alikwenda amebandika kiganja ukutani, na pale ukuta unapoisha alitambaa kwa mikono. Tulidhani ni woga. Ndugu zake walimtania, akawa anajikaza.

Akiwa na miaka kumi na minne, alikwenda na binamu zake kuzamia chini ya daraja, maji yamejaa, jua limeshatua. Wao walizama wakaibuka. Yeye alizama, na binamu yake mkubwa akamwona chini akipiga miguu kwa nguvu, anaogelea kuelekea chini. Alikuwa hatafuti kitu. Alikuwa anarudi juu, kwa vile alivyodhani. Binamu alimshika nywele akamgeuza. Alipotapika maji na kupumua, aliniambia kwa ishara jambo ambalo sikulielewa siku ile: "Bahari haikuwa na juu."

Tulimpeleka Mombasa, kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Ndipo nilipoona kipimo kinavyopaswa kufanywa. Mtaalamu hakuanza na mashine, alianza na maswali, na mimi nikitafsiri. Alikuwa anatembea kabla ya homa? Alipotoka hospitali je? Alichukua muda gani kusimama tena? Gizani anafanya nini? Kwenye mchanga laini anatembeaje? Kila nilipojibu aliitikia kwa kichwa taratibu, na mimi nikaanza kuona miaka yote ikijipanga mstari mmoja.

Akamsimamisha miguu pamoja, mikono kifuani. Akasimama vizuri. Akamwambia afumbe macho. Akayumba kidogo, akajimudu. Kisha akamsimamisha juu ya godoro la sponji, macho wazi: yuko sawa. Afumbe. Alianguka mzima mzima, bila hata kujaribu kujizuia, na mtaalamu, aliyekuwa amekaa tayari nyuma yake, akamdaka. Mume wangu alisimama kutoka kitini.

Baadaye akamketisha, akamwambia amtazame puani asiache. Akamshika kichwa kwa viganja viwili na kukigeuza ghafla, kidogo tu, upande mmoja. Mtu mwenye sikio zima, kichwa kikigeuzwa hivyo, macho hubaki palepale puani. Macho ya mwanangu yalikwenda pamoja na kichwa, kisha yakaruka kurudi. Upande wa pili vile vile. Kipimo hiki kilielezwa na watafiti wawili wa Australia, Halmagyi na Curthoys, mwaka 1988, na hakihitaji chombo chochote ila mikono na macho ya anayejua anachotafuta. Mwisho alimtia maji baridi sikioni. Robert Bárány, daktari wa Vienna, ndiye aliyeeleza kwamba maji ya baridi au ya moto yakiingia sikioni humfanya mtu aone dunia inazunguka na macho yacheze, na kazi hiyo ikampa Nobel ya mwaka 1914. Mwanangu alitiwa maji ya barafu, sikio la kulia, kisha la kushoto. Macho yalitulia tuli. Alituuliza kwa ishara kama kipimo kimeshaanza.

Mtaalamu akachora kwenye karatasi. Sikio la ndani lina kikonokono cha kusikia, na ukuta kwa ukuta nacho kuna mifereji mitatu iliyopinda na vijifuko viwili vyenye vijiwe vidogo. Kichwa kikigeuka, maji ya mifereji ile hubaki nyuma, kama maji ndani ya ndoo inayozungushwa, na vinywele vilivyomo hupeleka habari kwenye ubongo. Vijiwe huuambia ubongo chini ni wapi. Vyote hivi vinaogea maji mamoja na kikonokono. Homa iliyoingia upande mmoja iliingia na wa pili. Mtu hujisawazisha kwa mashahidi watatu: macho, nyayo na viungo, na sikio la ndani. Akipoteza la ndani akiwa mdogo, hujifunza kutegemea wale wawili, na mchana hakuna atakayejua. Giza likiingia anabaki na nyayo. Akizama majini wakati wa magharibi, macho hayaoni na nyayo hazikanyagi kitu. Hana shahidi hata mmoja.

"Asizamie tena peke yake," alisema, "na usiku au kwenye maji machafu asizamie kabisa. Wala asipande paa."

Mume wangu hakusema neno ndani ya matatu mpaka tulipopita Mtwapa. Mtoto wa kwanza, wa nyumba ya wavuvi. Tulipokaribia Kikambala akasema, "Mamake, chombo hakihitaji mzamiaji tu. Kuna anayekiunda." Wiki ile ile alimpeleka kwa fundi wa vyombo. Leo mwanangu ni fundi anayetafutwa. Ukipita ufuoni vyombo vikiwa vimepandishwa, utamkuta ameinama ubavuni mwa mashua anakalafati, pamba na nyundo mkononi, harufu ya mafuta ya sifa imemjaa nguo. Anajua mbao iliyooza kwa kuigonga na kuhisi mtetemo kwenye vidole. Nyumbani kwetu taa ya ukumbini haizimwi usiku, stima ikipotea ipo ya sola, na hakuna anayemtania tena. Kujua sababu kulituondolea aibu sote, yeye kwanza.

Kilichobadilika Kilifi ni kikubwa kuliko nyumba yangu. Novemba 2001 Kenya iliingiza chanjo ya Hib katika zile za watoto wachanga, ikiwa ndani ya ile sindano ya magonjwa matano. Ndani ya miaka mitatu, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano ulishuka hadi asilimia 12 ya ulivyokuwa. Wodi ile ile niliyolala sakafuni. Januari 2011 ikaja chanjo ya nimokokasi, bakteria mwingine mkubwa wa uti wa mgongo, na hapa Kilifi walichanjwa hata watoto wakubwa hadi miaka mitano ili wasiachwe nyuma. Mwanangu aliugua miaka miwili na nusu kabla ya chanjo ya kwanza. Wadogo zake walichanjwa wote, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne.

Hata hivyo viziwi wadogo hawajaisha. Watafiti wa hapa waliopima watoto wa miaka 6 hadi 9 katika Kilifi walikuta wapatao 14 katika kila 1,000 wana upungufu wa kusikia wa wastani au mkubwa, na uti wa mgongo ni mlango mmoja tu. Iko malaria ya ubongo, iko manjano kali ya mtoto mchanga, na uko usaha wa masikio, ambao katika chekechea yangu naukuta kila muhula. Huu wa usaha hunitia uchungu kwa namna yake, maana unatibika: kukausha sikio kwa kitambaa safi kinachofyonza, matone yanayotolewa na kituo cha afya, na kurudi kuangaliwa. Badala yake mtoto anatiwa mafuta ya nazi, anakaa nyuma ya darasa, anaitwa mzito.

Siku hizi, mtoto mgeni akija darasani, mimi husimama nyuma yake asinione na kusema jina lake kwa sauti ya kawaida, kisha ya chini. Baadaye humwomba asimame kwa mguu mmoja, kisha afumbe macho huku nimemkaribia. Mimi si mpimaji na sitoi hukumu. Nikiona jambo, naandika barua kwa mzazi aende kupimwa, na nikiweza naenda naye.

Aprili 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kidunia wa kutambua, kutibu na kuhudumia wagonjwa wa uti wa mgongo. Umeagiza kwamba aliyepona apimwe kusikia kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na ikishindikana, ndani ya wiki nne. Sababu si ya karatasi. Mfupa unaweza kuota ndani ya kikonokono kilichougua na kuziba njia ya kipandikizi cha kusikia, kwa hiyo familia inayoweza kukipata haina muda wa kungoja. Na isiyoweza, kama sisi, kila mwezi unaopita bila ishara ni mwezi ambao mtoto hana lugha yoyote.

Mzazi mwenzangu, ukipewa karatasi ya kutoka wodini baada ya homa ya uti wa mgongo, usiondoke kabla ya kuuliza mawili: masikio yake yatapimwa lini na wapi, na nani ataangalia anavyosimama. Ukiambiwa atasikia tu, uliza tena. Na kama unakaa pwani hii na mtoto wako alipona homa hiyo akabaki kiziwi, usimwache azamie kabla hajapimwa mizani ya mwili.